Muulize Bi Somo: Baba mkwe kanipa mbwa nimtafutie jina la Kiwelisi, kila nikitaja moja wanacheka

Shikamoo Bi Somo,

Mimi ni mtoto wa Korogwe, nimeolewa Wales mwaka wa tatu huu. Siko Cardiff. Niko kaskazini, mlimani juu ya mji wa Bala, kwenye shamba la kondoo la wakwe zangu, mahali ambapo mvua ikianza Jumatatu huwezi kusema itakatika Jumatatu ipi. Huku ni Kiwelisi nyumbani, Kiwelisi dukani, Kiwelisi kanisani. Kiingereza cha baba mkwe kimebaki cha watu wawili: mimi na mbwa. Mbwa anaambiwa "come by" azungukie kondoo upande huu, anaambiwa "away" azungukie upande ule, na mimi naulizwa kama nitakunywa chai.

Shida yangu utaiona ndogo, lakini imeninyima usingizi wiki nzima, kwa hiyo nivumilie.

Miezi miwili iliyopita mbwa wake wa siku zote, Nel, alikufa kwa uzee. Mzee mwenyewe hana maneno mengi. Akiridhika na kitu husema "iawn", yaani sawa, na hiyo ndiyo hotuba. Siku tulipomzika Nel nyuma ya zizi hakusema hata hiyo. Halafu juzi akarudi na mtoto wa mbwa jike ndani ya sanduku la viazi, mweusi tititi, kifua cheupe kama kavaa shati la harusi. Akamtua jikoni miguuni pangu, akaniambia: "Utampa jina wewe. Liwe la Kiwelisi. Lisiwe Nel." Akatoka kwenda kuangalia kondoo wake.

Bi Somo, tangu nifike, hilo ndilo jambo la kwanza mzee yule kuniomba. Nikaona hapa nisikosee. Nikaingia mtandaoni, nikaandika majina mgongoni mwa bahasha ya bili ya umeme, na Jumapili, watu wote wakiwa mezani, nikayasoma.

La kwanza Bronwyn. Mtandao uliniambia maana yake ni kifua cheupe, nikajua nimepatia. Wifi yangu akapaliwa na chai. La pili Gwenllian. Kimya. Kisha shangazi wa mume wangu, aliyekaa mkabala nami, akasema, "Ndiyo, mwanangu?" Miaka mitatu namwita Anti Gwen, sikujua kwamba Gwen ni kipande tu. La tatu Rhiannon; mama mkwe akatikisa kichwa, akasema jina zuri sana, lakini si kwa mbwa jike, akaenda kuongeza viazi bila kunieleza kwa nini. La nne Blodeuwedd, hakuna aliyeelewa nimesema nini. La tano Cariad, yaani mpenzi, na mume wangu akageuka: "Unasemaje?" Maana ndivyo ninavyomwita. Hapo meza nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, lakini nilipoingia chumbani nililia.

Usiku nikampigia mama. Nikamwambia nimefikiria Nia, kwa sababu huku wanawake wanaitwa hivyo na kwetu lina maana. Mama akaniuliza: "Mjukuu wangu Nia, mtoto wa kaka yako, ndiye unataka kumpa mbwa?" Akakata simu. Baadaye akanitumia ujumbe kwamba mbwa huitwa Simba au Popi, majina ya watu tuwaachie watu.

Mtoto wa mbwa ana wiki 10 sasa na bado anaitwa "wewe". Mume wangu anasema nisijisumbue, atachagua yeye. Nimwachie? Au kuna jina ambalo naweza kulitaja mezani pale wasinicheke?

Mkwe wa Mlimani, Bala

*

Marahaba mwanangu,

Hiyo bahasha itie jikoni iungue, lakini kazi uliyopewa usimrudishie mtu. Mzee wa namna hiyo hakukuomba kwa sababu kaishiwa majina. Angetaka jina tu, angemwita huyo mbwa Meg au Jess palepale kwenye gari na usingejua. Mtu aliyezika mbwa bila kusema neno, kisha akamleta mwingine akamtua miguuni mwako wewe, si miguuni mwa mwanawe, amekwisha sema mengi kuliko kawaida yake. Mume wako akichagua yeye, mzee atakubali, atasema "iawn" yake, na wewe utabaki unayeulizwa habari ya chai.

Isitoshe umeolewa mji ambao unajua habari za mgeni na mbwa. Mashindano yanayohesabiwa ya kwanza ya mbwa wa kondoo Uingereza nzima yalifanyika hapo hapo Bala, tarehe 9 Oktoba 1873. Wawelisi wakajaa kuangalia mbwa wao wakishinda. Aliyeondoka na ushindi ni Mskoti aliyekuwa akiishi Wales, na mbwa wake aliitwa Tweed, jina la mto wa kwao Scotland. Mwulize baba mkwe habari hiyo siku mmekaa wawili. Nakuhakikishia atazungumza zaidi ya neno moja.

Sasa vile vicheko. Niliishi Cardiff miaka 6, mchana nikifua mashuka ya watu, Jumanne jioni nikienda darasa la Kiwelisi la bure ambalo nililipenda kwa sababu lilikuwa na hita. Kilichonibakia kichwani si kingi, ila majina niliyashika, maana mtu ukiitwa Somo huwezi kupuuza habari za majina. Kwa hiyo nakwambia kilichowachekesha.

Bronwyn ulipatia maana ukakosea jinsia. Kiwelisi kina nyeupe ya kiume, gwyn, na nyeupe ya kike, gwen. Ndiyo maana majina yanayoishia -wyn ni ya wanaume na ya -wen ni ya wanawake: Bronwen, Olwen, Blodwen. Nje ya Wales, Marekani na Australia huko, wasichana huandikwa Bronwyn na hakuna anayejali, na huo ndio mtandao uliokusomesha. Lakini kwa sikio la Bala ni kama mgeni ashuke Korogwe ameshika kuku tetea, aseme anaitwa Bwana Asha. Halafu bron ni titi. Wifi yako alikwisha kuona picha ya baba yake amesimama ukutani kwenye mvua akipaza sauti kuita titi. Mwenzio hakukucheka wewe, alimcheka baba yake. (Bron ni ubavu wa kilima pia, na huko mlimani mngejitetea kwa hilo, lakini acha.)

Gwenllian umeshaona mwenyewe. Kwetu anayeitwa jina lako ni somo yako, mnaitana "somo" mpaka uzeeni, mnapelekeana kanga. Sasa Anti Gwen angekuwa somo wa mbwa. Na jina lenyewe lina uzito: Gwenllian binti wa Llywelyn, mwanamfalme wa mwisho wa Wawelisi, alizaliwa 1282, na kabla mwaka haujaisha baba yake akauawa na majeshi ya Waingereza. Mtoto akachukuliwa mchanga, akafungiwa kwenye nyumba ya watawa huko Sempringham, Lincolnshire, akaishi humo mpaka alipokufa 1337. Mwaka 2009 walibadilisha jina la mlima mzima wakampa yeye. Jina hilo Wawelisi wanalishika kwa mikono miwili.

Rhiannon ndilo lililonifanya nikae kitako. Mama mkwe wako ni mwanamke mstaarabu, hakutaka kukusimulia wakati watu wanakula. Katika hadithi zao za kale, Rhiannon ni malkia aliyejifungua mtoto wa kiume. Usiku ule wanawake sita waliowekwa wamlinde wakasinzia, kuamka mtoto hayupo. Wakaogopa. Mle ndani mlikuwa na mbwa jike wa kuwindia aliyekuwa na watoto. Wakawachinja watoto wa mbwa, wakampaka Rhiannon damu usoni na mikononi akiwa amelala, wakamwekea mifupa mbele yake, kulipokucha wakapiga kelele kwamba amemla mwanawe. Akahukumiwa miaka 7 akae langoni pa ikulu kule Arberth, kila mgeni anayepita amsimulie kosa ambalo hakulifanya, na ajitolee kumbeba mgongoni mpaka ndani. Mtoto alikuja kupatikana mzima, lakini wale watoto wa mbwa hakuna aliyewauliza. Sasa umpe mbwa jike jina hilo? Ungekuwa umemwita mbuzi Idi.

Na hiyo Blodeuwedd uliyoipendea maua, mshukuru Mungu hawakukusikia. Ni mwanamke aliyeumbwa kwa maua kwa uchawi ili mtu apate mke, akafanya njama na hawara wamuue mume, mwisho akageuzwa bundi. Sisi bundi akitua paani hatulali. Basi.

Cariad nayo haina kosa lolote, tatizo ni nyumba yenu. Wewe unamwita mumeo cariad, mama mkwe bila shaka anawaita wajukuu cariad, na mwenye duka la mjini anakurudishia chenji akikuita cariad. Mbwa atakuwa anainuka kila mtu akipendwa.

Ngoja nikuepushe na moja ambalo ulikuwa karibu kuliokota. Ungegeuza Bronwyn kidogo ungefika Branwen, na hilo mwanangu ndilo la hatari kwa upande wako. Branwen ni binti aliyeozwa ng'ambo ya bahari, Ireland. Wakwe wakamgeuka, wakamtia jikoni apike, na mwuza nyama akawa anampiga kofi kila siku. Akafuga kwezi, akamfundisha kusema, akamfunga barua bawani, akamtuma kwa kaka yake aje na majeshi. Sasa wewe uliyeolewa ng'ambo ya bahari, usimame jikoni kwa wakwe zako uite "Branwen!" Sisi waswahili wa mafumbo tunajua maana yake. Tulipokuwa wadogo Muheza jirani yetu alikuwa na mbwa anaitwa Hayawahusu. Kila jioni, mke wa jirani wa pili akipita na ndoo yake, mbwa anaitwa kwa sauti: "Hayawahusu! Hayawahusu njoo!" Mbwa mwenyewe yuko miguuni pake amelala. Hawa wakwe zako hawavai kanga, lakini Branwen wanamsoma tangu chekechea.

Tukitoka kwenye maana twende kwenye mdomo, na hapa, mwanangu, umepewa kitu ambacho wageni wengi wa Wales hawana. Walimu wangu wa Cardiff waliteseka kuwafundisha Waingereza sauti ambazo mimi nilizikuta nyumbani. Dd yao ni dh yetu ya dhahabu. Th yao ni th ya thamani. Ch yao ni ile kh waliyokufundisha madrasa, si ch ya chai. Ng yao ni ng' ya ng'ombe. F moja ni v, ukitaka f andika mbili. W ikikaa kama irabu ni u. Si mbele ya irabu ni sh, ndiyo maana Siân ni Shaan. Na kubwa kuliko yote, neno la Kiwelisi hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama letu: ki-TA-bu, Rhi-AN-non. Mwingereza hulazimika kujifunza, wewe ndivyo unavyopumua. Blodeuwedd ungelisema blo-DEI-wedh wangekuelewa. Ulisoma herufi kwa Kiingereza, hilo tu.

Inabaki ll. Weka ulimi kama unataka kusema l, halafu usiseme, puliza pembeni. Mimi ilinishinda mwezi mzima mpaka nilipomkumbuka mwanafunzi mwenzangu wa zamani, Mwiraqw wa Mbulu. Wairaqw sauti hiyo wanayo, wanaiandika sl. Ng'ombe kwao ni slee. Ukienda likizo mtafute Mwiraqw akuelekeze, atakucheka kidogo kisha atakupa.

Kuna na huu mchezo wao wa kubadilisha mwanzo wa neno. Mbwa ni ci, lakini mbwa wangu ni fy nghi, mbwa wako dy gi, mbwa wa mama mkwe ei chi. Wazungu hulia hapo. Sisi tuliozoea ulimi kuwa ndimi hatuna cha kushangaa. Jina la mtu au la mbwa kwa kawaida halibadiliki, ila utasikia wanaongeza fach mwishoni, Nel fach, Mari fach, litamke vaakh. Ni "mdogo", lakini hasa ni kubembeleza. Ukisikia baba mkwe amemwambia mbwa hivyo na wewe uko karibu, jifanye hukusikia.

Jina la mbwa wa kondoo linaitwa kutoka mbali, upepo ukipiga. Ndiyo maana yale ya mashambani ni mafupi: Nel, Meg, Jess, Moss, Mot, Fly. Silabi moja, zikizidi mbili. Myfanwy anaimbika vizuri, lakini ukifika silabi ya tatu kondoo wako barabarani. Na lisifanane na amri. Mai ni jina zuri la kike, ni mwezi wa tano, lakini liseme kwa sauti uone linavyofanana na hiyo "come by" ya baba mkwe. Mbwa atakuwa anazunguka kila akiitwa kula. Nos, usiku, ningelipenda kwa huyo mweusi wenu, linatamkwa noos, ila kwa mbali litasikika kama anakatazwa. Mêl ni asali, tamu, lakini linagongana na Nel, na mzee alishakwambia.

Halafu kuna mitego ya Kiswahili ambayo watu wa Bala hawawezi kuiona, ni yako peke yako. Mali ni jina la kike la kawaida huko, watu na mbwa. Uwe tayari mama akipiga simu akusikie nje unaita mali. Sali pia lipo. Simama mlangoni uite "Sali! Sali! Njoo!" halafu mjomba wako wa Korogwe awe kwenye simu ya video, ataondoka kwenda kutia udhu. Na siku ukisikia wanasema ci hela usichangamke, hakuna pesa. Hela kwao ni kuwinda, ci hela ni mbwa wa kuwindia.

Kama ungetaka jina la mbwa jike halisi wa hadithini, yupo mmoja, Rhymhi, ambaye mfalme Arthur alimsaka pamoja na watoto wake wawili, akamkuta ana umbo la mbwa mwitu. Ni jina la msomi, si la mchungaji. Gelert kila mtu atakutajia, yule aliyeuawa na bwana wake kwa kudhaniwa amemla mtoto kumbe alimwokoa na mbwa mwitu. Huyo ni dume, na kaburi lake la Beddgelert lilitengenezwa karne ya 18 na mwenye hoteli aliyetaka wageni. Seren, nyota, ni zuri na litakubalika. Tatizo lake ni kwamba wengi wamekwisha kuliona ni zuri. Siku ya mnada wa kondoo utaita Seren waje wanne.

Mimi nilipofika kwenye hicho kifua cheupe kama shati la harusi, jina lilinijia lenyewe. Gwennol.

Gwennol ni mbayuwayu. Mgongo mweusi, kifuani kweupe, mkia hautulii. Kwa Kiwelisi ni neno la kike, wanasema y wennol, ile g inaondoka kama nilivyokueleza. Silabi mbili, mkazo mwanzoni, GWEN-nol, mwisho wake unabeba sauti mbali. Na mfumaji wa kitambaa, kile kijiti chake kinachopitisha uzi huku na huku, nacho huitwa gwennol. Sasa mwangalie mbwa wa kondoo akiwa kazini, akitoka ubavu huu kwenda ule, uniambie kama hafanani na kijiti hicho.

Ila kilichonifanya nilichague si hayo. Hao ndege huondoka Wales Septemba na Oktoba, wakavuka Sahara wakashuka mpaka Afrika Kusini, safari ya karibu kilomita 10,000, kisha Aprili wakarudi kwenye zizi lilelile wakajenga kwenye boriti ileile. Ndugu zao wa aina hiyohiyo ndio unaowakumbuka Desemba wamejipanga kwenye nyaya za umeme pale Korogwe. Baba mkwe wako amewaona wakirudi zizini kwake maisha yake yote. Huhitaji kumweleza kwa nini mkwe wake wa Tanga amechagua jina hilo. Mkulima anajua mbayuwayu anatoka wapi.

Angalizo moja: usimfupishe kuwa Gwen. Anti Gwen bado yupo mezani.

Namna ya kulifikisha. Usilisome mbele za watu, Jumapili nyingine ya chai kumpalia mtu hatuitaki. Nenda naye zizini asubuhi, mbwa mkononi. Kwanza lizoee mwenyewe: simama kwenye geti, upepo ukupige usoni, uliite mara kumi kama unamwita mtu aliyeko mto wa pili. Likikukwama kooni, si lako, tafuta lingine, hata mimi sitakasirika. Likitoka, mwambie mzee neno hilo moja tu, usiongeze maelezo. Anaweza akanyamaza. Anaweza akasema, "Gwennol," kana kwamba anaonja chumvi. Ukipata "iawn" umemaliza, na ukipata "da iawn", yaani vizuri sana, niandikie siku hiyohiyo.

Wala usiogope kuchelewa. Sheria ya Wales inataka mtoto wa mbwa awekwe chipu kabla hajafikisha wiki 8, kwa hiyo aliyewauzia alipaswa kuwa ameshaiweka. Hakikisheni tu kwamba imeandikishwa upya kwa baba mkwe. Na mkanda wa shingoni, mbwa akiwa njiani na hayuko kazini na kondoo, unatakiwa uwe na jina na anwani ya mwenye mbwa. Jina la mbwa mwenyewe si lazima liwe kwenye mkanda, ila kwenye kumbukumbu za chipu linaandikwa, kwa hiyo mkilipata liongezeni.

Mama mpigie kesho, mapema kabla hajaenda sokoni. Mwambie Nia abaki Nia. Mwambie mbwa ana jina la ndege, yule yule aliyekuwa akikutuma umhesabu kwenye nyaya ili upate usingizi wa mchana, au kama hakukutuma yeye alikutuma bibi. Atauliza anaitwaje. Mtamkie polepole, Gwen-nol. Hataliweza. Atamwita Mbayuwayu, na mbwa wa Bala ataitika.

Bi Somo